Gari la Nne

Desemba, saa kumi jioni, Aalborg imekwisha kuwasha taa.
Torkild wa fedha ananisukumia karatasi:
gari la wagonjwa namba nne, kituo cha ng'ambo ya daraja,
husimama saa kumi na moja katika kila ishirini na nne.
"Limelala," anasema. "Tunalilipia kulala."
Dereva wake, Birgitte, hufuma soksi zamu nzima,
na hata soksi zimeingia kwenye ripoti.

Mimi ni mhesabu foleni.
Si kazi ya kusimulia harusini.
Nawahesabu wanaokuja bila miadi:
moyo unaposhtuka haupigi hodi,
mfupa wa nyonga hauangalii saa ya ukutani.
Huja watatu kwa mpigo, kisha kimya,
kisha kimya tena,
mpaka udhani mji mzima umepona.

Nikamchorea Torkild mstari.
Mhudumu mmoja, wateja wa kubahatisha.
Akishikika nusu ya muda wake,
ajaye hungoja, kwa wastani, urefu wa kazi moja.
Akishikika nane kwa kumi, hungoja kazi nne.
Tisa kwa kumi, tisa.
Tisini na tano kwa mia, kumi na tisa.
"Na akishikika muda wote?"
Kalamu ikapita ukingo wa karatasi
ikachora meza ya mkoa.

Haba na haba, tuliambiwa, hujaza kibaba.
Hatukuambiwa habari za punje inayofika
kibaba kikiwa kimejaa.

Torkild hakushawishika. Nikaenda zangu kituoni.
Basi hupita kila dakika kumi, ndivyo ubao usemavyo,
lakini mabasi huandamana kama bata,
na pengo refu lina mdomo mpana:
ndilo linalotumeza wengi.
Nilingoja kumi na saba,
theluji ikinihesabu mabega.

Binti yangu Signe, fundi wa mitandao, alinicheka mezani.
"Kwetu ni rahisi, baba. Foleni ikijaa, pakiti hutupwa,
inatumwa upya kabla hujapepesa jicho.
Hakuna anayelia."
Akaendelea kumenya kiazi.
Kisha akaacha kumenya.

Januari, tarehe tisa, daraja likainuliwa
kupitisha meli ya kokoto.
Gari la kwanza lilikuwa kwa mjamzito wa Vejgaard.
La pili, kwa kijana aliyeanguka ngazini.
La tatu lilikuwa darajani, la kwanza kwenye mstari,
king'ora kikiililia meli isiyo na masikio.
Simu ikaita mara mbili. Mzee Oluf:
mke wake Dagny yuko sakafuni jikoni,
birika linachemka, alizime au amshike mkono?
"Mshike mkono," akaambiwa. "Birika liache."

Birgitte aliondoka na uzi umemnasa kwenye kifungo.
Dakika sita.

Sijui kama Dagny aliamka.
Hesabu yangu huishia mlangoni,
pale mngojaji anapoitwa mhudumiwa;
yaliyo ndani si ya foleni, ni ya Mungu na madaktari.
Niliuliza mara moja. Wakaniambia ni siri ya mgonjwa,
nikaona haya kwa kuuliza.

Machi, karatasi ya Torkild imerudi, safu ileile,
neno lilelile: limelala.
Nimelikata kwa wino wa buluu, nikaandika: linangoja.
Kwa sababu kungoja hakufutiki, Torkild,
huhamishwa tu kutoka bega hadi bega.
Usipokuwa wa gari kituoni, ukiwa na joto na kahawa,
utakuwa wa Oluf, magotini, karibu na birika.

Hajajibu. Bajeti itapigiwa kura Alhamisi.
Jana nilipita kituoni kuazima tochi.
Gari lilikuwa limetoka.
Kitini palikuwa na soksi ya kijivu, haijafika kisigino,
sindano zake nne zikiwa zimeishika wazi.